Hesabu za Nyumbani: Punje Moja Iliyoshinda Ghala la Mfalme

Ndugu wasomaji, askari mlio kazini na jamaa mlio majumbani, juma hili ukurasa wenu wa hesabu unawaletea namba moja tu. Lakini ni namba ambayo hata kuisoma kwahitaji pumzi. Nayo ni hii:

18,446,744,073,709,551,615

Ina tarakimu 20. Atakaye kuisoma kwa maneno na aseme: kwintilioni kumi na nane, kwadrilioni mia nne arobaini na sita, trilioni mia saba arobaini na nne, bilioni sabini na tatu, milioni mia saba na tisa, elfu mia tano hamsini na moja, na mia sita kumi na tano.

Pengine mke wa koplo mjini Kismayu, au mvuvi wa Darakasi katika visiwa vya Wabajuni, atauliza: namba hii yanihusu nini, nami riziki yangu naihesabu kwa makumi na mamia? Swali hilo ni la haki. Jawabu ni kwamba namba hii haikuzuliwa na wataalamu ili kuwatisha watoto wa shule. Imezaliwa na tendo dogo ambalo kila mama hulifanya jikoni, nalo ni kuzidisha mara mbili. Na tendo hilo hilo, likitiwa mkononi mwa mlaghai, limekwisha kufilisi maelfu ya nyumba, zikiwamo nyumba za watumishi wenye mshahara wa mwezi. Kwa hiyo tuifahamu namba yenyewe kwanza, kisha tutazame mtego wake.

NAMBA ILIYOPITA BAHARINI KWETU

Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Hivyo mtoto aliyetumwa dukani alikuwa amekwisha kujifunza mwanzo wa namba yetu: moja, mbili, nne. Akiendelea atasema nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, na wala hataona jambo la ajabu. Ajabu iko mbele.

Hadithi yasimuliwa kwamba palikuwa na mfalme wa Bara Hindi aliyependezwa mno na mchezo wa sataranji, akamwambia mwenye hekima aliyeubuni aombe atakacho. Mwandishi Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, amemtaja mwenye hekima huyo kwa jina la Sissa. Yeye hakutaka dhahabu wala mji. Aliomba punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa nyumba ya pili, nne kwa ya tatu, na kuendelea hivyo maradufu mpaka nyumba ya 64 iishe. Mfalme akakereka, akadhani amedharauliwa kwa kuombwa kitu kidogo. Makarani wake walipopiga hesabu, wakamjulisha kwamba hazina yake haitoshi, wala hazina za wafalme wengine haziwezi kumwokoa.

Ibn Khallikan mwenyewe asema hakusadiki mpaka alipokutana na mwana hesabu mmoja wa Iskandaria, akamwonyesha kwa karatasi. Katika nyumba ya 16 pana punje 32,768, nazo zajaza kipimo kimoja cha sokoni. Kipimo hicho kikawa cha kuanzia. Vipimo vikawa magunia, magunia yakawa maghala, na maghala yakawa miji. Alipofika nyumba ya 64, alihitaji miji 16,384, yote imejaa maghala ya ngano. Kwa nyumba moja hiyo ya mwisho tu!

Lakini sisi watu wa pwani tuna sababu yetu ya kuipenda namba hii. Miaka zaidi ya mia tatu kabla ya Ibn Khallikan, namba yenyewe, kwa tarakimu zake zote 20, iliandikwa na al-Masudi wa Baghdad katika kitabu chake kiitwacho Muruj adh-Dhahab, alipoeleza mambo ya sataranji ya Wahindi. Na al-Masudi huyo alikuwa msafiri wa bahari yetu. Ameandika kwamba safari yake ya mwisho katika bahari ya Zanj ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani mwaka 916 au 917 wa miladi, alipotoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman. Wataalamu wengi wanakitambua Qanbalu kuwa ni Pemba. Chombo kitokacho huko kwenda Oman kwa pepo za kusi huiacha pwani ya Kismayu na visiwa vyake upande wa kushoto. Basi mtu aliyeturithisha namba hii alipita mbele ya milango yetu kabla ya kuiandika.

TUIJARIBU KWENYE BAO

Si kila nyumba ina sataranji, lakini bao la Kiswahili wengi wanalifahamu. Bao lina safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Jumla ni mashimo 32. Kete zake ni 64, sawa na nyumba za ubao wa sataranji. Hebu tuchukue ngano, tuseme kilo moja ina punje zipatazo 25,000, tuanze kuijaza kwa maradufu.

Safu ya kwanza ikiisha, tumetumia punje 255. Hizo ni gramu kumi hivi, konzi ya mtoto mchanga. Safu ya pili ikiisha, jumla ni punje 65,535, yaani kilo mbili na nusu na kidogo. Hiyo ni kama pishi moja. Mpaka hapo mama wa nyumba hajatikisika. Safu ya tatu ikiisha, jumla ni punje 16,777,215, karibu kilo 671. Sasa twataka magunia saba kasoro. Safu ya nne ikiisha, bao limejaa punje 4,294,967,295, na hizo ni tani zipatazo 172, yaani zaidi ya magunia 1,700 ya kilo mia. Ghala la kikosi kizima halitazipokea.

Na hapo ni nusu ya safari tu, maana sataranji ina nyumba 64. Nyumba zote zikijazwa, uzani wake ni karibu tani bilioni 738. Dunia nzima katika miaka ya karibuni huvuna ngano ipatayo tani milioni 800 kwa mwaka. Ingetupasa basi kuvuna zaidi ya miaka mia tisa bila ya mtu yeyote kula mkate, ndipo deni la yule mwenye hekima lilipwe.

Msomaji aangalie jambo moja ambalo ndilo moyo wa habari yetu. Safu mbili za kwanza zilikuwa pishi moja tu. Maradufu huanza kwa upole, humlaza mtu usingizi, kisha humshtua wakati ambapo hawezi tena kurudi.

TABIA ZA NAMBA YENYEWE

Wana hesabu hawaridhiki kujua ukubwa wa namba. Huuliza pia asili yake na jamaa zake, kama sisi tuulizavyo mtu ametoka ukoo gani. Tuiulize namba yetu maswali sita.

Kwanza, imepatikanaje? Weka punje katika nyumba tatu: 1, 2, 4. Jumla ni 7. Nyumba ya nne ina 8. Kila nyumba mpya huzizidi zote zilizotangulia kwa punje moja. Basi jumla ya nyumba 64 ni sawa na nyumba ya 65, kama ingalikuwapo, ukiondoa punje moja. Mtaalamu al-Biruni, mnamo mwaka 1000, alionyesha njia fupi ya kuifikia: chukua 16 iliyo katika nyumba ya tano, uizidishe kwa nafsi yake upate 256, hiyo nayo kwa nafsi yake upate 65,536, tena upate 4,294,967,296, na mara ya nne upate 18,446,744,073,709,551,616. Toa moja, kazi imekwisha. Mara nne za kuzidisha badala ya sitini na nne!

Pili, ni shufwa au witiri? Tarakimu ya mwisho ni 5, basi ni witiri. Haigawanyiki kwa mbili. Na hii ni kinyume kizuri, kwani imejengwa kwa mbili tupu ila ile punje ya kwanza.

Tatu, je, ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi yake? La. Kwa kuwa inaishia na 5, inagawanyika kwa 5. Na ukijumlisha tarakimu zake zote utapata 87, nayo inagawanyika kwa 3, basi namba nzima inagawanyika kwa 3. Lakini 87 haigawanyiki kwa 9, wala namba yetu haigawanyiki. Kanuni hizi mbili mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuzitumia bila ya kalamu.

Nne, wazazi wake ni nani? Hapa pana kanuni iliyo tamu. Namba ikizidishwa kwa nafsi yake kisha ikapunguzwa moja, hugawanyika kwa majirani zake wawili. Mfano, 16 mara 16 ni 256. Toa moja ibaki 255. Nayo ni 15 mara 17. Kwa kanuni hiyo namba yetu ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Ile ya kwanza ni 65,535 mara 65,537. Nayo 65,535 ni 255 mara 257. Na 255 ni 15 mara 17. Na 15 ni 3 mara 5. Tumepata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote hizo ni namba tasa.

Imebaki ile 4,294,967,297. Katika karne ya 17 mwana hesabu wa Ufaransa, Pierre de Fermat, alidhani kwamba hiyo nayo ni tasa, pamoja na nyingine zote za ukoo huo. Alikuwa mtu mwenye akili adimu, lakini mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika: ni 641 mara 6,700,417. Mpaka leo, ijapokuwa mashine zimetafuta sana, hajapatikana tasa mwingine wa ukoo wa Fermat zaidi ya wale watano. Na wote watano wamekaa ndani ya namba yetu ya sataranji.

Tano, ina vigawanyo vingapi? Wazazi wake tasa ni saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417, na hakuna aliyejirudia. Kila mmoja aweza kuingia katika kigawanyo au kutoingia. Njia mbili kwa kila mmoja, mara saba. Mbili ikizidishwa mara saba ni 128. Basi vigawanyo vyake ni 128 kamili. Hata hapa maradufu yamerudi!

Sita, ni ya tabaka gani? Wayunani wa kale waligawa namba katika matabaka matatu. Namba timilifu ni ile ambayo vigawanyo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa huleta namba ile ile: kwa mfano 6, kwani 1 na 2 na 3 ni 6, na 28 vilevile. Namba zidifu ni kama 12, ambayo vigawanyo vyake huleta 16. Namba pungufu ni kama 8, ambayo vigawanyo vyake huleta 7 tu. Namba yetu, pamoja na ukubwa wake wote, ni pungufu: vigawanyo vyake 127 vilivyobaki vikijumlishwa hufikia kama sehemu saba za kumi tu za namba nzima. Ukubwa si utimilifu, ndugu wasomaji. Sita ndogo imeipita.

Tuongeze kwamba namba hii ingali hai hata leo. Kompyuta na simu nyingi za sasa hufanya hesabu kwa nafasi 64, kila nafasi ikiwa sifuri au moja, na namba kubwa kabisa inayoenea katika nafasi hizo ni hii hii ya al-Masudi. Askari anayetuma fedha nyumbani kwa simu ameibeba mfukoni.

MARADUFU YABISHAPO HODI

Sasa tuje kwenye mtego. Mtu huja nyumbani, pengine ni rafiki au jamaa, akasema: “Toa fedha kidogo, ulete watu wawili, nao walete wawili wawili, baada ya muda utavuna mara kadhaa ya ulichotoa.” Hakuna duka, hakuna shamba, hakuna chombo cha kuvulia. Fedha za anayeingia leo ndizo anazolipwa aliyeingia jana.

Mama wa nyumba asiulize kwanza kama mtu yule ni mwema. Auize ubao wa sataranji. Safu ya kwanza ni mtu 1, ya pili watu 2, ya tatu 4. Safu ya 11 yataka watu 1,024. Safu ya 24 ikijaa, jumla ni watu 16,777,215, karibu sawa na watu wote wa Somalia, wakiwamo watoto wachanga. Safu ya 33 ikijaa, jumla ni watu 8,589,934,591, ilhali dunia nzima ina watu bilioni nane na kidogo. Mpango huo basi hapana budi uvunjike. Kuvunjika kwake si bahati mbaya wala si hila ya maadui, ni hesabu.

Na uvunjikapo, nani hupata hasara? Tumesema kila nyumba huzizidi zote zilizotangulia. Kwa hiyo safu ya mwisho peke yake ina watu zaidi ya nusu ya wote. Ikiwa mtu hulipwa baada ya safu mbili chini yake kujaa, basi walio katika safu mbili za mwisho hawajapata kitu, nao ni zaidi ya robo tatu. Anayeambiwa “wengi wamekwisha kupata” na ajue kwamba katika mpango huu wengi hawawezi kupata.

Mambo haya yamekwisha kutokea karibu nasi. Nchini Kenya, mipango ya namna hii iliyoanguka miaka ya 2006 na 2007 iliwaacha watu wengi bila ya akiba zao. Nchini Tanzania, mwaka 2009, serikali iliisimamisha taasisi iitwayo DECI, ambayo wanachama wake waliambiwa wapande mbegu ya fedha ili wavune zaidi. Viongozi wake walishtakiwa na kutiwa hatiani mwaka 2013. Na wale wenye kazi ya kulinda amani wakumbuke Albania. Huko mwaka 1997 mipango hiyo ilipoanguka, wananchi waliopoteza mali waliasi, maghala ya silaha ya jeshi yaliporwa, serikali ikaanguka, na watu wapatao 2,000 wakafa. Hesabu iliyokosewa majumbani ilifika mpaka kwenye ghala la bunduki.

Deni nalo lina maradufu yake. Mkopo wa shilingi 1,000 ukiongezeka kwa shilingi kumi katika kila mia kwa mwezi, bila ya kulipwa, hupita shilingi 2,000 katika mwezi wa nane. Akopeshaye kwa maradufu ya kila mwezi, shilingi 1,000 zake baada ya mwaka mmoja ni 4,096,000. Hakuna mshahara wa askari utakaomfukuza na kumpata.

UPATU ULIO SALAMA

Hatusemi kwamba kuchangiana ni kubaya. Upatu wa akina mama, ambao Wasomali huuita hagbad au ayuuto, ni jambo jingine kabisa. Watu 12 wanaojuana hutoa shilingi 10,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja huchukua 120,000. Mwaka ukiisha, kila mmoja ametoa 120,000 na amepokea 120,000. Hakuna kilichozaa wala kilichopotea. Faida ni kupata fungu kubwa mara moja, la kununulia cherehani, mabati au nyavu. Hapa hesabu ni ya kujumlisha, na idadi ya watu haiongezeki. Walaghai wengi huazima jina la upatu kwa mipango yao. Msomaji asidanganywe na jina. Akumbuke maswali matatu: Je, faida yatoka katika kazi gani? Je, ni lazima niwalete wengine ndipo nilipwe? Je, watu wakikoma kuingia leo, kila mmoja atapata haki yake? Upatu wa kweli hujibu swali la mwisho kwa ndiyo.

FUMBO LA JUMA HILI

Ili kuzidisha mara mbili kusibaki na sifa mbaya, tuwape watoto fumbo. Mwenye duka ana mawe manne tu ya mizani, naye huyaweka katika sahani moja tu. Kwa mawe hayo aweza kupima kilo 1, au 2, au 3, na kila uzani mpaka kilo 15, bila ya kuruka hata mmoja. Mawe hayo yana uzani gani? Na akiongeza jiwe la tano, atafika kilo ngapi? Aliyesoma makala hii kwa makini hatahitaji kungoja juma lijalo: na atazame tena kibaba, kisaga na pishi, kisha aongeze hatua moja.

Mpaka juma lijalo, tunawatakia kazi njema na nyumba zenye amani.